Unamjua Nani Pale Ndani?

Msyuu! Kila sukari ikipanda bei, kijiwe kinageuka darasa la historia, tena darasa lenye walimu watupu, mwanafunzi hamna. Mapema mwaka 2024, mvua zilipozidi mashambani na viwanda vya sukari vikakwama, kilo ilipita shilingi 4,000. Serikali ikatoa bei elekezi, bei elekezi ikabaki redioni, ukiitaja dukani unachekwa. Hapa kwetu hali tuliijua kwa kashata: zilisinyaa mpaka muuza kahawa mwenyewe anaona haya kuzipanga kwenye sinia.

Siku hizo ndipo Mwalimu Mstaafu, bingwa wetu wa draft, alipotoa hukumu bila kuinua macho kutoka kwenye kete: "Enzi za Nyerere upuuzi huu haukuwepo. Mtu angeficha sukari angekiona cha mtema kuni."

Kijana wa bodaboda, ambaye enzi hizo hata wazazi wake walikuwa hawajaonana, akasonya mpaka mpita njia akageuka. "Shikamoo mzee wangu, lakini hiyo sukari yenyewe ilikuwepo ya kufichwa?"

Watu wakaangua kicheko, mzee akakasirika, draft ikavunjika. Basi na mimi naomba nafasi, maana hawa wawili wakiachiwa uwanja mtaondoka hapa hamjui lolote.

Wote wawili wana haki, na wote wawili wanaongeza chumvi. Mzee aliingia kwenye ualimu wakati nchi imeamua kwamba kila mtoto atasoma. Azimio la Musoma la 1974 lilitaka elimu ya msingi kwa wote ifikiwe 1977, na watu wazima nao wakapelekwa madarasani jioni na taa za chemli, hadi takwimu za serikali za 1986 zikaonyesha wasiojua kusoma wameshuka chini ya asilimia 10. Mzee hakuyasoma hayo gazetini, alishika chaki. Kijana naye amesimuliwa na bibi yake kuhusu majani ya mpapai ya kufulia nguo, katambuga za matairi, na unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada, ambao ugali wake watoto waliuangalia kwanza kabla ya kuugusa. Kila mmoja anaikumbuka nchi kwa tumbo lake.

Ila ubishi wa nzuri-mbaya hautufikishi popote. Tumebishana hivyo tangu Nyerere yuko Butiama anapumzika, na bado tunabishana. Mimi nauliza zile nyakati zilituachia tabia gani. Jibu langu ni hili: zilituachia swali ambalo leo ndilo la kwanza kutoka mdomoni mwa Mtanzania akiambiwa kuna ofisi anatakiwa kwenda. Unamjua nani pale ndani?

Twende taratibu. Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 5, 1967, na kesho yake tu mabenki yakataifishwa. Mwaka 1971 yakafuata majumba ya kupangisha. Mwaka 1973 ikaja sheria ya kudhibiti bei na Tume ya Bei yake, na ngazi kwa ngazi biashara ya jumla ikawa mikononi mwa mashirika ya umma na kampuni za biashara za mikoa, zile RTC. Mwaka 1976 ikapigwa Operesheni Maduka: maduka ya watu binafsi vijijini yafungwe, ya ushirika yachukue nafasi yake. Baada ya muda mfupi ikabidi ilegezwe, kwa sababu duka la Mpemba au la Mhindi lilikuwa limefungwa na duka la kijiji lina rafu, mizani na kalenda ya chama, bidhaa hakuna.

Sasa msinitolee macho kwamba nalaumu siasa tupu. Ukame wa 1973 na 1974 uliua mazao. Mafuta yakapanda bei 1973, yakapanda tena 1979. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977 na mpaka na Kenya ukafungwa. Oktoba 1978 Idi Amin akavamia Kagera, tukapigana mpaka Kampala ikaanguka Aprili 11, 1979, na gharama ya vita ile tuliibeba wenyewe. Mwalimu Nyerere akasema tufunge mikanda miezi 18. Wenye matumbo walifunga. Miezi 18 ikaisha, mikanda ikaendelea kufungwa, na viwanda vingi vikawa vinafanya kazi chini ya nusu ya uwezo kwa kukosa fedha za kigeni za kununulia vipuri na malighafi.

Yote hayo yana vitabu vyake, msomaji atayakuta. Kisichoandikwa sana ni kile kilichotokea pale kwenye kaunta.

Bei imepangwa na serikali, iko chini. Bidhaa ni chache, hazitoshi hata robo ya wanaozitaka. Hapo pesa inapoteza nguvu yake. Ukiwa na noti mfuko mzima na mwenzako ana shemeji RTC, shemeji anashinda. Faida ambayo zamani ilikuwa ya mwenye duka ikahamia kwa karani wa ghala, dereva wa lori, katibu, mjumbe wa nyumba kumi anayeandika barua. Hakuna sheria iliyotungwa kumpa karani utajiri ule. Alipewa na pengo kati ya bei ya halali na bei ya ulanguzi, na pengo hilo lilikuwa la kuingiza mtu mjini na kumtoa na nyumba ya bati.

Fundi cherehani wetu, ambaye huwa hasemi mpaka achomoe pini mdomoni, alioa 1982. Harusi ilihitaji soda, bia, sukari ya pilau na chai, na vitenge. Vyote hivyo vina kibali. Akaenda kwa mjumbe kupata barua kwamba kweli anaoa. Barua ikapanda kwa katibu kata, ikagongwa muhuri. Ikaenda RTC. Pale aliambiwa arudi kesho, akarudi kesho, akaambiwa bwana mkubwa yuko kikao. Siku ya tatu karani akasoma jina la ukoo wa bibi harusi kwenye barua, akauliza, "Huyu ni wa kule kwetu?" Wa kule kwenu ndiye. Kreti zikapatikana kabla saa haijaisha, na karani akakaa meza ya mbele siku ya sherehe, akapewa paja la mbuzi mbele ya mjomba wa bwana harusi. Mpaka leo mjomba yule, kama yuko hai, bado amenuna.

Fundi anasimulia huku anacheka. Lakini sikilizeni alivyomalizia: "Watoto wangu wote wanne wamepata kazi kwa namna hiyo hiyo. Nilijifunza mapema." Akarudisha pini mdomoni.

Ndiyo maana nasema hili somo halikuwa la siku moja. Foleni ilikuwa shule. Watu waliamka saa tisa usiku, wakapanga mawe mstari mbele ya duka, kila jiwe lina mwenyewe, wakarudi kulala. Alfajiri kila mtu anatafuta jiwe lake, na ugomvi wa mawe ulikuwa ugomvi kweli. Mlango ukifunguliwa, sabuni inafika kwa watu ishirini wa mwanzo, kisha inatangazwa kwamba imekwisha. Lakini mtoto aliyesimama pale na mama yake aliona mlango wa nyuma unafunguka na kanga imefunika kitu. Alijifunza nini mtoto yule? Kwamba kupanga foleni ni kwa ajili ya wasio na watu. Mtoto yule leo ana miaka hamsini na kitu, na huenda ndiye anayekaa dirishani pale ulipopeleka fomu yako.

Wakubwa nao walikuwa na mambo yao. Kulikuwa na amri ya kutotembeza gari binafsi Jumapili kuanzia saa nane mchana, ili kubana mafuta. Amri nzuri kwa nchi isiyo na dola. Ila palipo na amri pana kibali, na palipo na kibali pana mwenye kutoa kibali, na huyo ana ndugu. Saa kumi jioni ukiona gari linapita, hukuuliza linakwenda wapi, uliuliza la nani.

Niwe mkweli kwa Mwalimu Nyerere: yeye hakujitajirisha. Masharti ya uongozi ya Azimio yalimkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili, nyumba ya kupangisha, hisa kwenye kampuni. Tulikuwa na viongozi waliostaafu hawana kitu, wengine tuliwapita barabarani wanasubiri basi. Kijana wa bodaboda hawezi kuamini, na simlaumu, kwani hajapata kumwona wa aina hiyo. Lakini masharti yale yalimlinda mwananchi dhidi ya mkubwa wa juu. Dhidi ya karani wa ghala hayakumlinda. Na mwananchi wa kawaida maisha yake yote alionana na karani wa ghala tu.

Ikaja 1983. Edward Sokoine, Waziri Mkuu, akafungua vita dhidi ya wahujumu uchumi. Mwalimu Mstaafu hapa macho yanamng'aa, anaipenda sana sehemu hii. Mamia kwa mamia wakakamatwa, maghala yakafunguliwa, na waliokuwa na sukari uvunguni wakaimwaga usiku mitaroni na mitoni ili wasikutwe nayo. Hebu fikirini: nchi haina sukari, na sukari inatupwa mtoni. Baraza maalumu likaundwa kuwahukumu, wakili haruhusiwi, dhamana hakuna. Walionaswa wengi walikuwa wauza duka. Nimewauliza wazee wengi wa kijiwe hiki kama wanamkumbuka karani wa RTC wa mtaa wao aliyefungwa. Wanatazamana, wanaagiza kahawa nyingine.

Sokoine akafariki kwa ajali ya gari Dakawa, Aprili 12, 1984, na nchi ililia kilio cha kweli. Mwaka huo huo sheria ya 1983 iliyounda baraza lile ikafutwa, ikatungwa nyingine iliyorudisha kesi mahakamani.

Na hapa ndipo ninaposonya kwa nguvu zote. Msyuu! Juni 1984, miezi miwili tu baada ya msiba, bajeti ikaruhusu mwenye fedha zake za kigeni aagize bidhaa kutoka nje, na asiulizwe amezipata wapi. Asiulizwe! Mwaka mmoja nyuma ukikutwa na dola moja unaitwa mhujumu. Sasa mwenye dola nyingi anaitwa mfadhili wa taifa. Nani alikuwa na dola mwaka 1984? Mkulima wa pamba wa Shinyanga hakuwa nazo, mwalimu wetu hakuwa nazo. Walikuwa nazo wale wale wa magendo, wenye jamaa Mombasa, Dubai na bandarini. Basi aliyejipatia kwa mlango wa nyuma akafunguliwa wa mbele, na akaingia nao akiwa na mtaji. Wengi wa hao walikuja kuwa matajiri wetu wa mwanzo wa soko huria. Sisemi walifanya kosa kuagiza nguo, tulikuwa uchi. Nasema taifa zima lilikuwa linatazama, likatia alama kwenye daftari la kichwani: waliotii foleni wameambulia nini, na wale wengine wameambulia nini.

Novemba 1985 Ali Hassan Mwinyi akaapishwa kuwa Rais, na 1986 tukakubaliana na IMF. Shilingi ilikuwa 17 kwa dola, ikashushwa mpaka 40 mwaka huo. Ilipofika 1995 ilikuwa imepita 500. Mzee Ruksa tulimwita kwa upendo, na alipofariki Februari 29, 2024, kijiwe hiki kilinyamaza, hata kijana wa bodaboda alivua kofia. Mitumba ikajaa Karume, sabuni ikarudi, watu wakapaka mafuta wakang'aa. Lakini mshahara? Karani wa serikali alipokea mwisho wa mwezi fedha ya kumaliza wiki. Kila nyumba ikawa na mradi: kuku wa mayai nyuma ya jiko, ng'ombe wa maziwa Kimara, barafu za ukwaju, mandazi.

Ngojeni niseme kuhusu mandazi, maana wanaume wa hapa hawapendi isemwe. Mama lishe wetu yuko hapo anatusikiliza, anapepeta mchele kama haambiwi yeye. Miaka ile baba alitoka asubuhi na suruali ya kodrai na kalamu mfukoni, mama akabaki na karai la mafuta. Jioni baba anarudi na habari za kikao, mama ana hela ya ada. Zilikwenda hivyo nyumba kwa nyumba, Manzese, Buguruni, Keko. Wanawake waliokuwa wanaomba hela ya chumvi wakawa ndio wanaoombwa hela ya nauli. Hakuna azimio lolote la chama lililotangaza hivyo, hakuna maandamano, na sidhani kama kuna waziri aliyekusudia. Mama lishe aliposikia nimefika hapo alisema neno moja tu: "Endelea." Nami nasema upatu, vikoba, na mama anayejenga nyumba kwa jina lake, mzizi wake ni lile karai. Kwa hili zile shida zilitufaa, ingawa hakuna wa kushukuriwa.

Turudi kwenye kujuana. Fundi cherehani, aliyeishi Mombasa miaka kadhaa, alinipinga, na hoja yake nzito: Kenya hawakuwa na RTC wala Operesheni Maduka, na bado kule bila kumjua mtu hupati kitu. Ni kweli. Kila nchi ina mlango wake wa nyuma. Ila tazama mlango wetu unavyofunguka. Kwetu mtu anatafuta aliyesoma naye Tabora, aliyekuwa naye jeshini Ruvu, jirani wa Magomeni, shemeji wa shemeji; kabila linakuja mwisho, na mara nyingi haliji kabisa. Yule karani wa harusi aliuliza ya kwao, lakini foleni yenyewe haikuuliza kabila. Ulihitaji mtu wa sukari, mtu wa sabuni, mtu wa nauli, na haiwezekani wote wawe wa kwenu, basi ukaungana na yeyote. Hata kamati zetu za harusi, za watu hamsini wanaochangia shughuli ya mtu wasiyemjua vizuri, mimi naziona zina damu ya zile kreti za kibali. Ni jamii yenye kushikana. Tatizo ni kwamba asiye na wa kumshika anabaki nje, na siku hizi wa namna hiyo ni wengi: kijana aliyetoka Sikonge jana, ana cheti kizuri, hana namba ya simu hata moja ya kupiga.

Bidhaa zimejaa leo, foleni za sabuni hakuna, RTC zimekufa. Ungedhani tabia ingekufa nazo. Haikufa, ilihama. Ilihamia kwenye kile ambacho bado ni haba: kitanda hospitalini, nafasi ya shule nzuri, ajira ya serikali, nguzo ya umeme, hati ya kiwanja. Palipo na uhaba na mtu mmoja mwenye muhuri, utamkuta karani wa 1982 amekaa, amevaa suti mpya na ana simu mbili. Anakwambia mtandao uko chini. Unampigia shemeji, mtandao unapanda.

Mwalimu Mstaafu aliposikia haya alitaka kujua kama namtukana Nyerere. Hapana, mzee wangu. Kijana akataka kujua kama namsifu Mwinyi. Wala. Nawalaumu waliotangulia kwa jambo moja: waliamini kwamba ukimtoa mfanyabiashara kwenye kaunta, umeondoa tamaa. Na waliokuja baadaye nawalaumu kwa kuamini kwamba ukijaza rafu, umemaliza kazi. Hakuna hata awamu moja iliyokaa chini ikamtengenezea mwananchi dirisha la mbele linalofunguka saa mbili kamili na kumhudumia asiyejuana na mtu. Kilichodumu ni adhabu: sheria iliyotungwa 1984 baada ya ile ya Sokoine haikwenda kokote. Iko vitabuni, Sura ya 200, na watu wanashtakiwa kwa uhujumu uchumi hadi leo.

Basi ombi langu kwako unayesoma, na kwa huyu kijana aliyepaki pikipiki kwenye kivuli chetu bila kuomba. Wiki hii ukiwa na shida ofisi yoyote, usianze na simu ya shemeji. Nenda dirisha la mbele, dai risiti yenye muhuri na tarehe, uliza jina la aliyekuhudumia na siku ya kurudi, andika. Ukizungushwa, peleka malalamiko kwa maandishi kwa bosi wake, ubaki na nakala. Utachelewa, nakwambia kabisa, na mwenye shemeji atakupita. Nenda hivyo hivyo.